Magoti Mapya ya Bikizee

Bushi ya kwanza ilichomoka kwa kishindo, ikaruka ndoo ya maji ya sabuni na kubingirika hadi miguuni mwa shangazi. Akaiokota kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshika panya mkia.

"Hiki kidude ndicho kinachonipasulia keki?"

"Ndicho hicho, shangazi. Chenyewe na ndugu zake."

Akaigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha mpira wa duara chenye kibomba cha chuma katikati, kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Mpira ulikuwa umechanika kila upande kama kisigino cha mpiga jembe, na kibomba kilikuwa kimehama katikati kikaegemea ukingo mmoja.

"Kadogo hivi," akasema, "halafu kananitoa jasho mbele za watu."

Nilikuwa chini ya gari, mgongo juu ya gunia, kutu imenijaa nyusi, na moyo unanidunda kwa furaha. Kazi ya bushi naipenda kuliko zote. Injini kila mtu huisifu, rangi kila mtu huiona, lakini bushi hakuna anayeikumbuka mpaka ife. Kati ya mkono wa chuma unaoshika tairi na mwili wa gari, chuma hakitakiwi kugusana na chuma. Hapo katikati hukaa mpira, unameza mitikisiko yote ya barabara na haufungui mdomo. Ukichakaa, gari zima huanza kulia kwa niaba yake.

Na Bikizee alikuwa amelia vya kutosha. Ndilo jina la gari la shangazi, la mgongo mrefu, lililozaliwa kabla yangu. Viti vya nyuma viling'olewa zamani, pakawekwa ubao uliotandikwa godoro jembamba, na juu ya godoro hilo zimesafiri keki za nusu ya mji. Lakini kwa miezi sasa, kila shimo aliloliingia Bikizee lilijibiwa na *ko!* kutoka uvunguni, na kila shangazi alipokanyaga breki, pua ya gari ilikimbilia kushoto kana kwamba kuna mtu kaiita.

Mara ya mwisho keki ilifika ukumbini ikiwa na ufa kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Shangazi aliuziba kwa krimu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu kuuziba kwa krimu huku mama wa bibi harusi amesimama nyuma yako.

Mwenye ukumbi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dada yangu," alimwambia shangazi kwa upole, "nakuheshimu, na wewe unajua. Lakini nyingine ikija na ufa, Jumamosi zangu zote nawapa wale wa kiwandani."

Keki za kiwandani! Kwa shangazi hilo lilikuwa tusi la nguoni. Tangu ukumbi ule ungali mabati matupu, hakuna keki iliyokatwa humo ambayo haikutoka jikoni kwake. Mjini watu hawakumwita kwa jina la baba yake, walimwita Mama wa Ukumbini. Aondolewe ukumbi, abaki mama wa nini?

Basi ilikuwa Jumamosi, na keki ilikuwa tayari. Ghorofa tano nyeupe, zimesimama kwenye chumba cha baridi kama bibi harusi anayeogopa kukaa asikunje gauni. Ilitakiwa iwe mezani kabla ya saa kumi. Bushi mpya zenyewe zilifika asubuhi ile ile, maana gari la umri wa Bikizee vipuri vyake hutafutwa kwa tochi mchana.

"Si tukodi gari jingine?" nilikuwa nimemuuliza.

"La nani? Lililobeba samaki jana? Keki ifike na maua ya sukari na harufu ya dagaa?" Akanikazia macho. "Nani kati yetu alisomea magari? Ingia uvunguni, mwanangu."

Nikaingia uvunguni.

"Hilo gari mnalitengeneza au mnalichinja?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta mfupi wa uani. Ilikuwa ya jirani yetu mshonaji, ambaye mtaa mzima humwita Tani Moja, na mwenyewe huitika. Kiti chake cha cherehani alitengenezewa na mchomeleaji, kwa nondo, baada ya viti vitatu vya mbao kumsaliti.

"Tunalichinja, shemeji," nikamjibu. "Ukisikia harufu ya nyama uje na sahani."

"Mimi sili kizee kilichokauka hivyo. Jirani, hivi una hakika na huyu mtoto? Naona miguu tu, mwili sijauona tangu asubuhi."

"Miguu ndiyo iliyosoma," shangazi akamjibu. "Shona, baba, shona. Gauni la watu halijishoni."

Mkono wa gari wa kushoto ulienda kama wimbo. Nilikuwa nimezilowesha bolti kwa mafuta tangu jana, zikaachia baada ya matusi machache ya kawaida. Bushi kuukuu niliivuta kwa mtindo wa mafundi wasio na mashine: bolti ndefu inapita katikati, washa nene, ile pete ya chuma, upande huu, kipande cha bomba upande ule, unakaza nati taratibu, na bushi haina budi kufuata. Kuingiza mpya ni yale yale kinyumenyume, kwa maji ya sabuni ya kulainishia. Sabuni hukauka, na ikikauka mpira hung'ata chuma, haubanduki tena. Shangazi alinishikia bomba, akanipanguza jasho la paji, akauliza maswali kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

"Kwa nini sabuni tu?"

"Inateleza sasa, inashika baadaye."

"Mhm," akasema. Ile *mhm* ningeisikiliza vizuri, tungeokoa nusu ya siku.

Kwenye mkono wa kulia, bushi kubwa ya nyuma ilikuwa mbishi. Nilikaza nati mpaka bolti ndefu ikaanza kuliwa meno, na bushi ikagoma mlangoni, nusu ya ulimi ndani, mwili wote nje. Nikaitoa, nikakimbilia kwa fundi bomba wa kona kuazima bolti nyingine. Hakuwa nayo. Niliporudi mikono mitupu, nilimkuta shangazi amesimama katikati ya ua, mkono wa gari ameukumbatia kama mtoto mchanga, meno yote nje.

"Imeingia!"

"Imeingia vipi?"

"Imeingia! Nimeisukuma kwa kiganja, na ile nyundo yako ndogo ya mbao nikaigonga nayo mara mbili, *tap tap*, ikaingia yenyewe. Unaniona mimi mzee? Mikono hii imekanda unga tangu mama yako hajaolewa."

Nikaitazama. Ilikuwa imekaa sawasawa, nyeusi, inang'aa. Nikapiga yowe, nikamkumbatia pamoja na chuma chake. Tani Moja akapiga makofi ng'ambo ya ukuta bila kujua anachopigia. Nani anauliza mpira unang'aa kwa nini wakati saa inakimbia?

Tukarudisha mikono yote miwili mahali pake, tukafunga tairi, tukalishusha gari. Hapo ndipo nilipomhitaji Tani Moja.

"Shemeji! Njoo ukae kwenye gari."

"Tunaenda wapi?"

"Hatuendi. Unakaa tu."

Nikamweleza huku tunapandisha tairi juu ya mbao nene ili nipate pa kupenya. Bolti za mikono nilikuwa nimezikaza kwa vidole tu. Ukizikaza kabisa gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, mpira unajifunga kwenye mkao huo wa kuning'inia. Ukilishusha, unapindika, na unabaki umepindika maisha yake yote mpaka uchanike tena. Bushi lazima ikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake limebeba.

"Kwa hiyo mnataka mzigo," akasema Tani Moja taratibu.

"Mzigo wa heshima," shangazi akamwambia.

Alipita kwenye kijilango cha ukuta kwa ubavu, sindano bado imechomekwa kifuani mwa shati. "Miaka yote hii mnanicheka," akasema, akijishusha kwenye kiti cha abiria, na Bikizee akashuka naye kwa mguno. "Leo uzito wangu umepata ajira." Shangazi akapanga magunia ya unga na sukari nyuma, mahali pa keki, akaketi kwenye usukani kukamilisha hesabu. Nami nikajipenyeza chini yao wote, nikamwomba Mungu mbao zisisaliti, nikakaza bolti moja baada ya nyingine mpaka spana ikagoma. Juu yangu walikuwa wanabishana kama redio iliyowashwa.

Tulizunguka mtaa kwa majaribio. Ee, wenzangu! Shimo la mbele ya duka la vyuma, lile ambalo Bikizee huwa analipigia magoti, lilipita kama mkunjo wa shuka. Hakuna *ko!*, hakuna mlio. Usukani ulitulia mikononi mwa shangazi kama paka aliyeshiba. Akacheka, akapiga honi, akapiga tena bila sababu. Mimi nyuma, juu ya magunia, nikawa nampigia vigelegele.

Kwenye kona ya mwisho akakanyaga breki.

*Ko!*

Upande wa kulia. Pua ya gari ikachepuka. Shangazi akaacha kucheka. Akalirudisha gari uani taratibu.

Nikalala chini hata gunia sikutafuta. Ile bushi kubwa ya kulia ilikuwa imetoka nje ya tundu lake karibu nusu, kama mtoto anayekutolea ulimi. Nikasogeza pua. Uvungu wa gari una harufu zake: mafuta, tope, kutu, wakati mwingine paka. Huu ulinukia vanila.

Nikaigusa bushi kwa kidole. Kidole kikarudi cha njano.

"Shangazi."

"Abee, mwanangu."

"Ulipaka nini?"

Niliona viatu vyake tu, na viatu vile vilikuwa vinaangaliana.

"Kidogo tu," akasema. "Siagi kidogo. Ile laini, ninayochanganya na vanila. Si ulisema inatakiwa kuteleza?"

"Siagi!"

"Kila bati hupakwa siagi! Maisha yangu yote sijawahi kuingiza kitu kwenye duara pasipo siagi!"

"Shangazi, bati unalipaka siagi ili keki isishike! Sisi tunataka ishike! Hii ni keki isiyotakiwa kutoka kwenye bati milele!"

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ilinyamaza. Halafu kikaja kicheko cha Tani Moja, kile cha tumboni kinachoanza kama gari bovu na kuchelewa kuzima. "Jirani! Umelikaanga gari?"

Lakini shangazi hakumjibu, na hilo ndilo lililonitoa uvunguni haraka. Alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mikono mapajani, anautazama mlango wa chumba cha baridi. "Nimejimaliza mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Si gari, si barabara. Mimi mwenyewe na siagi yangu. Mwambie mwenye ukumbi awapigie wa kiwandani."

"Simpigii mtu," nikasema. Na nilipolisema, kitu kilinipanda kifuani, si hasira, ni lile joto la mwanariadha anaposikia kipenga. "Mpira haujadhurika, siagi haijakaa hata saa. Tunafungua, tunaosha kwa maji ya moto na sabuni, tunaingiza upya. Shida ni moja tu. Bolti yangu imeliwa meno, sina cha kuivutia, na mkono ukiwa safi bushi haitakubali kwa kiganja." Nikazunguka ua, nikafika mlango wa jikoni, nikasimama. Friza ilikuwa inanguruma upande huu. Oveni ilikuwa bado vuguvugu upande ule.

Nikageuka. "Shangazi, kitu kikipata baridi kinafanyaje?"

"Kinasinyaa."

"Na chuma kikipata moto?"

Akaniangalia. Akaiangalia oveni. Akaniangalia tena, na uso wake ukabadilika polepole kama mtu aliyeombwa figo.

"Humo hakijawahi kuingia kitu kisicho keki," akasema. "Hata kuku sijawahi kuoka. Marehemu mjomba wako aliniomba kuku siku ya kuzaliwa kwake, nikakataa. Na wewe unataka kuniingizia chuma cha uvunguni?"

"Kikiwa kimeoshwa."

"Chuma kilichokanyaga mavi ya ng'ombe!"

"Kikiwa kimeoshwa *sana*."

Akasimama, akajikung'uta unga. "Ufungue haraka," akasema. "Kabla sijapata akili."

Sijawahi kufungua mkono wa gari kwa kasi ile, na sidhani kama nitarudia. Tairi, bolti, kiungo cha boljoint, mkono chini. Bushi ikatoka kwa kusukumwa na kidole, isiyo na haya. Shangazi aliikamata yeye, akaikosha kwa maji ya moto kama anavyokosha vyombo vya wateja, akainusa, akaikosha tena, akainusa tena, akaitumbukiza kwenye friza kati ya malai na matunda ya barafu. Mimi nilisugua tundu la mkono kwa brashi ya waya mpaka chuma kikatoa rangi yake ya kuzaliwa. Alikuja kukikagua, akanirudisha. "Hapo nyuma ya ukingo." Nikasugua nyuma ya ukingo.

"Moto kiasi gani?" akauliza, mkono kwenye kitasa cha oveni.

"Usiokuwa mkali. Tundu lifunguke unywele tu. Ukizidi, utauunguza mpira ukiingia."

"Basi ni moto wa kukaushia maua ya sukari," akasema, na akageuza kitasa bila hata kukitazama. Akatandika karatasi ya kuokea kwenye trei. Akaulaza mkono wa gari juu yake, mweusi, mrefu, wenye makovu, akausukuma ndani na kufunga mlango. Tukasimama bega kwa bega tunachungulia kwenye kioo. Taa ya oveni ilikuwa inauangaza kama keki.

"Hautaumuka," Tani Moja akasema dirishani. Alikuwa ameacha cherehani kabisa.

Tulingoja. Saa ya ukutani ilikuwa na mdomo mchafu siku hiyo, kila sekunde inatukana. Shangazi akaufungua mlango kidogo, akasogeza kiganja bila kugusa, akatikisa kichwa. Akafunga. Akaufungua tena.

"Sasa," akasema.

Mimi nilikuwa kwenye friza. Bushi ilikuwa ngumu kama jiwe, inatoa moshi wa baridi. Nikaichovya kwenye maji ya sabuni. Shangazi akautoa mkono kwa glavu zake nene zenye maua, akauegemeza mezani, juu ya ubao wa kukandia, akaukumbatia kwa nguvu zote. "Piga!"

Nikaweka bushi mlangoni mwa tundu, sawasawa, kibao juu yake, nikapiga. Ikaingia robo. Nikapiga. Nusu. Mpira ukaanza kupata joto, nikausikia unavyokaza. "Usisimame!" shangazi akapiga kelele. "Ukisimama katikati inakaa katikati!" Nikapiga kwa yote niliyo nayo, na nyundo ikatoa sauti nyingine, sauti nzito, fupi, ya kitu kilichofika nyumbani.

Tukatazamana. Shangazi akaweka kiganja chake juu ya bushi, akasukuma. Akasukuma kwa mwili mzima. Haikucheza. Akamwita Tani Moja, akaja kwa mlango wa nyuma, naye akasukuma. Haikucheza.

"Sasa imeshika," shangazi akasema. Akaniangalia kwa pembe ya jicho. "Bila siagi."

"Usinichekeshe, nina nyundo mkononi."

Mara ya pili Tani Moja hakungoja kuitwa. Alikuja na lile gauni la watu mkononi, akaketi kwenye kiti cha abiria, na wakati mimi nakaza bolti uvunguni yeye alikuwa anapiga pindo juu yangu, sindano kwa spana. Tulipomaliza hakutaka kushuka.

"Ninakwenda," akasema. "Umeikaza kwa uzito wangu. Nikishuka nitaharibu hesabu."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Isitoshe, alikuwa na hoja.

Keki tuliibeba wawili, mimi na shangazi, kwa hatua za maharusi. Nilikuwa nimenawa mara tatu. Nikapanda nyuma, nikapiga magoti kando ya godoro, mikono nikaikinga huku na huku bila kugusa, kama mtu anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea. Shangazi akavuta pumzi, akawasha gari.

Shimo la duka la vyuma, kimya. Matuta matatu ya mbele ya shule, Bikizee alipanda na kushuka kama anayepiga hodi kwa adabu. Njia ya vumbi yenye mikunjo kama ubao wa kufulia ilikuwa ndiyo ninayoiogopa. Maua ya sukari yalitetemeka, yakanong'onezana, hakuna lililoanguka. "Vipi huko?" shangazi akawa anauliza kila mara. "Imesimama!" "Vipi?" "Imesimama, shangazi, endesha!"

Tukaingia barabara kuu. Ukumbi tulishauona, paa lake jekundu. Ndipo mkokoteni wa mbao ukachomoza kwenye kichochoro, mwenye nao akiwa ameelemewa na mteremko, anavutwa badala ya kuvuta.

"Breki!" Tani Moja akanguruma.

Shangazi akakanyaga. Nilifumba macho. Mwili wangu wote ulikuwa unangoja ile *ko!*, unangoja pua ikimbilie kushoto, kwenye mtaro, kama ilivyozoea. Keki iliinama mbele. Niliisikia hewa yake ikinipita shavuni. Nikaweka kidole chini kabisa, kwenye ukingo wa ghorofa ya kwanza, basi.

Bikizee akasimama. Amenyooka kama rula, katikati ya njia yake. Keki ikarudi nyuma, ikaketi kama mama mtu mzima aliyeitikia salamu.

Mwenye mkokoteni alipita mbele yetu, akainua mkono kuomba radhi. Kisha Tani Moja akapumua, na kioo cha mbele kikapata ukungu.

"Imeshika," akasema.

"Imeshika!" shangazi akapiga kelele, akaupiga usukani kwa viganja. "Imeshika, imeshika, mwanangu, imeshika!"

Mwenye ukumbi alitupokea mlangoni mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, miwani inaning'inia kwa mnyororo shingoni, na ana mazoea yake: keki haiwekwi mezani kabla hajaizunguka na tochi. Tukaisimamisha kwenye kigari chake cha magurudumu. Akavaa miwani, akawasha tochi, akaanza juu. Ghorofa ya tano. Ya nne. Alipinda mgongo, akazunguka, akaangaza chini ya kila ukingo kama askari anayetafuta mtu uvunguni mwa kitanda. Shangazi alikuwa amenishika kidole gumba, anakiminya. Ghorofa ya tatu. Ya pili.

Akasimama kwenye ya kwanza. Tochi ikatulia.

"Na hiki?"

Tukasogea. Hapakuwa na ufa. Lakini kwenye ukingo wa chini, juu ya weupe ule, palikuwa na alama ya kidole. Nyeusi, safi, mistari yote inasomeka. Ungeweza kwenda nayo kituoni nikakamatwa.

Kunawa mara tatu! Grisi ya uvunguni haiondoki kwa kunawa mara tatu, na mimi ndiye niliyetakiwa kulijua hilo. 

Shangazi alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni mwa aproni. Ukatoka na ua la sukari, jeupe, lenye petali nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Huwa anatembea nalo, kama wengine wanavyotembea na pini. Akalibandika juu ya alama ya kidole changu, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama kwa kichwa cha upande.

"Ua hili halikuwapo kwenye picha ya mteja," mwenye ukumbi akasema.

"Halikuwapo," shangazi akamjibu. "Ni nyongeza. Fundi wangu ameweka sahihi."

Mwenye ukumbi akaniangalia, nikiwa na kutu kwenye nyusi na vumbi la unga magotini. Akamwangalia Tani Moja aliyeegemea mlango na gauni begani. Akaizunguka keki mara ya pili, polepole, hakukuta ufa. Akazima tochi.

"Jumamosi ijayo ni ghorofa sita," akasema. "Litaweza hilo gari lako?"

Shangazi aligeuka kwangu.

Nikapiga hesabu ya springi, ya godoro, ya yale mashimo. "Litaweza," nikasema. "Ila bushi za nyuma nazo zimekwisha. Jumatatu nitahitaji oveni."

"Ya keki?" mwenye ukumbi akauliza.

"Mama," shangazi akasema, anamsogeza taratibu kuelekea mezani, "usiulize."